Sepsisi: Ile Saa Kabla ya Hosi Inayoweza Kuokoa Beshte Yako wa EPZ

Kama unachapa wera EPZ Athi River, hii story ni yako. Kama hufanyi huko lakini uko na siz, mathe ama beshte anayeingia ile geti kila asubuhi, bado ni yako.

Wacha nianze na roomie wangu wa zamani. Tulikuwa tunaishi keja moja Kitengela, yeye akishona kwa kiwanda fulani cha nguo, mimi nikiwa nimehepa campo bila cheti na ndio naanza kuandika vitu mtandaoni. Jumanne moja sindano ya mashine ikampita kidole. Akakifunga na kipande cha kitambaa, akarudi kwa laini kumaliza tageti. Jumatano kidole kikavimba. Alhamisi jioni akaanza kutetemeka hadi kitanda kikawa kinagonga ukuta. Tukasema ni malaria. Nikakimbia duka la dawa, nikarudi na vidonge vya maumivu na antibayotiki tatu zimefungwa kwa karatasi. Saa nane usiku nikamwamsha anywe maji, akaniita kwa jina la dadake. Hapo ndio nilijua mambo imeharibika.

Alipona, asante Mungu. Lakini alikaa hosi siku kumi na moja, na daktari alituambia wazi kwamba haikuwa malaria. Ilikuwa sepsisi. Neno lenyewe nilikuwa sijawahi kuliskia.

Mimi si daktari, na usichukue hii kama maagizo ya dawa. Nimesoma tu vitu nilitamani ningekuwa nazijua ile usiku. Hebu twende polepole.

Sepsisi ni nini hasa?

Wewe ukipata maambukizi, iwe ni kidonda, nimonia, ama maambukizi ya mkojo, mwili hutuma askari wake kupigana na wadudu. Mara nyingi askari wanashinda na maisha yanaendelea. Sepsisi ni pale hao askari wanachizi. Badala ya kupigana na mdudu peke yake, wanaanza kuchoma nyumba nzima. Mishipa inavuja, presha inashuka, damu haifiki vizuri kwa figo, mapafu, moyo na ubongo, na hivyo viungo vinaanza kuzima kimoja kimoja.

Hiyo ndio maana madaktari wa dunia walikubaliana 2016: sepsisi ni viungo kushindwa kufanya kazi, hadi maisha yako yawe hatarini, juu mwili umejibu maambukizi vibaya. Presha ikianguka kabisa, hadi maji ya dripu hayaiinui, hiyo sasa inaitwa mshtuko wa sepsisi. Hapo ni mbaya sana. Muhammad Ali, yule bondia ambaye alikuwa haangushwi ovyo, aliaga Juni 2016 Marekani akiwa na miaka 74, na kilichomuua ni huo mshtuko.

Usidhani ni kitu ya wazee na mastaa pekee. Utafiti uliochapishwa 2020 kwa jarida la Lancet ulikadiria kwamba 2017 dunia ilikuwa na wagonjwa wa sepsisi karibu milioni 49, na milioni 11 wakafa. Hiyo ni kama kifo kimoja kwa kila vitano duniani mwaka huo. Wengi wao walikuwa kwa nchi kama zetu, na karibu nusu ya wagonjwa walikuwa watoto.

Na ile story ya kidole? New York, 2012, kijana wa miaka 12 alijikwaruza mkono akicheza basketboli shuleni. Siku chache baadaye alikuwa amekufa na sepsisi. Familia yake ilipiga kelele hadi jimbo likaweka kanuni 2013, zinazojulikana kama Rory's Regulations, kulazimisha hospitali zote ziwe na utaratibu wa kuitambua na kuitibu haraka. Alianza na mkwaruzo tu, bro.

Kwa nini naongelea EPZ?

EPZ zilianzishwa na sheria ya 1990, na ile ya Athi River ndio wengi wanafikiria ukitaja hilo neno. Maelfu ya watu, wengi wao madem na wamama, wanashona nguo za kupelekwa Marekani. Sasa angalia maisha ya hapo na ujiulize maambukizi yanaweza kuingilia wapi.

Sindano na makasi ziko kila mahali. Kuna mwenye amejifungua juzi na ashaarudi kazi. Kuna wenye hawanywi maji siku nzima ndio wasiende choo kila saa, mkojo unawaka, na wanavumilia. Kuna kikohozi kinachozunguka kwa laini, watu wamekaa bega kwa bega. Halafu jioni unatembea hadi Slota, Bondeni, Kasoito ama unavuka kwenda Kitengela, kwa keja ya chumba kimoja, umechoka hadi hujali kama uko na homa.

Shida kubwa zaidi ni jina tunalolipa. Ukitetemeka, ni malaria. Tumbo ikiuma, ni taifodi. Ukiwa dhaifu, ni ulcers ama stress. Kila mtu mtaani ni daktari. Kwa hivyo siku ya kwanza inaisha kwa duka la dawa, ya pili unaivumilia, na ya tatu ndio watu wanakimbia.

Pia kuna barabara. Kutoka EPZ kwenda katikati ya Nairobi ni kama kilomita 30, na Machakos mjini ni zaidi ya 30 ukielekea upande ule mwingine. Hapo karibu kuna Athi River Level 4 na hospitali ya Kitengela, lakini ukihitaji ICU, unaweza kujipata unapelekwa Machakos Level 5 ama Nairobi. Ukiipata trafiki ya Mombasa Road jioni, unajua venye inakuwa. Hiyo saa ndani ya gari ni sehemu ya matibabu. Si ya kusinzia.

Dalili: hesabu, usikisie

Kwanza lazima kuwe na maambukizi, ama hata ukiyashuku tu: kidonda kimevimba, kikohozi, mkojo unauma, tumbo, mtu amezaa ama mimba imetoka majuzi. Kisha uone moja ama zaidi ya hizi:

1. Anapumua haraka. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Shika simu, weka saa, hesabu kifua kikipanda dakika nzima. Ikifika 22 na zaidi, amka.

2. Kichwa hakiko sawa. Amechanganyikiwa, anaongea vitu hazieleweki, analala na hataki kuamka. Roomie wangu aliponiita dadake, hiyo ilikuwa dalili, mimi nikadhani ni ndoto.

3. Presha imeshuka. Namba ya juu ikiwa 100 ama chini. Kama huna mashine, angalia kama akisimama anaona giza ama anaanguka.

4. Hajakojoa siku nzima, ama anatoa tone tu na ni la rangi ya chai kavu.

5. Mikono na miguu ni baridi, ngozi ina madoa madoa. Kwa ngozi nyeusi hiyo haionekani kirahisi, kwa hivyo angalia viganja, ndani ya midomo na fizi kama zimepauka ama kugeuka buluu. Finya ukucha sekunde tano halafu uachilie. Rangi ikichukua zaidi ya sekunde tatu kurudi, damu haizunguki vizuri.

6. Anatetemeka vibaya ama anaumwa na misuli hadi hawezi kukaa. Na skia hii: homa si lazima. Kuna wenye mwili unashuka chini ya nyuzi 36. Mtu baridi mwenye maambukizi anaweza kuwa mgonjwa kuliko mwenye anachemka.

7. Anakwambia "naskia nakufa." Usimcheke. Madaktari wanaichukua hiyo seriasi.

Hizo tatu za kwanza, kupumua, kichwa na presha, ndizo madaktari hutumia kama kipimo cha haraka. Mbili kati ya tatu kwa mtu mwenye maambukizi inamaanisha hatari iko juu. Lakini usingoje mbili ndio ukubali kuna shida. Kichwa kikichanganyikiwa peke yake, inatosha kupiga simu.

Ukipiga simu, sema hivi

Namba za dharura za serikali ni 999 na 112. Red Cross ni 1199. Ziweke kwa simu sai, kabla hujaendelea kusoma. Kama kiwanda chenu kina kliniki ama ambulensi ya mkataba, jua namba yake pia, si supavaiza peke yake aijue.

Ukiongea, usianze na "mtu ameshikwa." Huyo wa upande ule mwingine hajui ameshikwa na nini. Sema mahali kwanza: EPZ Athi River, geti gani, jina la kampuni, jengo gani. Kisha useme mgonjwa ana miaka mingapi, maambukizi ilianzia wapi, na namba ulizohesabu. Mfano: "Dem wa miaka 26, kidole kilidungwa na sindano siku tatu zimepita, anapumua mara 30 kwa dakika na amechanganyikiwa. Nashuku sepsisi." Hilo neno la mwisho litaje. Usiogope kuonekana unajifanya msomi.

Kama amezaa ama ana mimba, sema hiyo mapema kabisa.

Mkingoja, mlaze kwa upande kama analala lala. Usimpe chakula wala maji kama hayuko macho vizuri, anaweza kupaliwa. Usimmwagie maji baridi. Usimpe antibayotiki za kubahatisha zilizobaki kwa droo. Pakiti za dawa ambazo ashameza, weka kwa mfuko ziende naye. Mtu mmoja atoke asimame getini aongoze gari, mwingine aongee na askari wa geti mapema. Ambulensi kuzunguka ikitafuta jengo ni dakika zimechomeka bure.

Na nduthi? Mtu ambaye hawezi kujishikilia hafai kubebwa na boda. Kama ambulensi haipatikani kabisa, tafuta gari, alazwe, watu wawili wamshike, na mpigie hosi mnayoenda mkiwa njiani.

Ambulensi ikifika: wanafanya nini?

Wengi wetu tunafikiria ambulensi ni mat yenye king'ora. Zii. Wale wahudumu wa dharura wamesomea, na kwa sepsisi kazi yao iko na mpangilio.

Kitu ya kwanza ni kuangalia kama njia ya hewa iko wazi na mtu anapumua. Wanahesabu pumzi, wanabana kifaa kwa kidole kupima oksijeni, wanapima presha, mapigo, joto, na kama yuko macho. Kisha wanadunga kidole kupima sukari. Hiyo sukari ni muhimu, juu mgonjwa wa sepsisi anaweza kuishiwa, na mtu mwenye sukari imeisha anaonekana tu kama amechanganyikiwa. Hiyo inarekebishwa papo hapo.

Oksijeni ikiwa chini, kawaida chini ya 94, wanamwekea maski. Ikiwa iko sawa, hawana haja ya kumjaza. Kisha wanatafuta mshipa na kuweka laini ya dripu. Mshipa wa mtu ambaye presha imeanguka hunywea, kwa hivyo aliyeupata mapema amesaidia kila mtu atakayekuja baadaye.

Halafu wanauliza maswali, na hapa ndio wewe unahitajika. Ilianza lini? Ana mzio wa dawa gani? Ana kisukari, HIV, sickle cell? Amemeza nini? Yule jamaa aliyekuja kwetu aliniuliza hizo zote huku mikono yake ikifanya kazi, na mimi nilijua majibu mawili tu. Mtu nimeishi naye mwaka mzima.

Kitu ya mwisho ndio kubwa: wanapigia hosi mbele. Wanasema tunaleta mgonjwa tunayeshuku ni sepsisi, presha yake ni hii, tutafika dakika hizi. Hosi ikiskia hivyo inatayarisha kitanda, damu ya kupimwa na dawa. Bila hiyo simu, mgonjwa anaweza kufika na kupanga foleni na wenye mafua.

Dripu: somo kutoka Kilifi

Labda unajiuliza, kama presha imeanguka, si wamjaze maji tu? Hapa Afrika Mashariki ndiyo iliyofundisha dunia adabu.

Miongozo ya kimataifa ya sepsisi inapendekeza mtu mzima mwenye presha ya chini apewe maji ya dripu mililita 30 kwa kila kilo ndani ya saa tatu za kwanza. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni lita 1.8. Inaonekana sawa kwa karatasi, na kwa hosi zenye ICU inafanyika.

Lakini kulikuwa na utafiti unaoitwa FEAST, uliofanywa na kina Profesa Kathryn Maitland wa Kilifi pamoja na hospitali za Uganda na Tanzania. Walichukua watoto 3,141 wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri. Kundi moja lilipewa maji mengi kwa haraka, lingine likapewa polepole tu kama kawaida. Kila mtu alitarajia wa maji mengi wafanye poa zaidi. Matokeo yalitoka 2011: ndani ya saa 48, karibu watoto 10.6 kwa kila 100 waliopewa maji haraka walikufa, dhidi ya 7.3 kwa wale ambao hawakupewa. Utafiti ulisimamishwa mapema. Dunia nzima ya madaktari ilishtuka.

Usifikirie ni watoto tu. Lusaka, Zambia, watu wazima 212 wenye sepsisi na presha ya chini waliingizwa kwa utafiti uliochapishwa 2017. Waliofuata utaratibu wa maji mengi na dawa za kuinua presha, 48 kwa kila 100 walikufa. Waliopewa huduma ya kawaida, 33. Wengi wao walikuwa na HIV, na hakukuwa na mashine za kupumulia za kutosha, kwa hivyo maji yakizidi na kuingia mapafuni hakuna wa kukushika.

Hii inamaanisha nini kwa ile ambulensi ya Athi River? Mhudumu mwenye rada hatakufungulia dripu ikimbie tu ndio familia ione "kitu kinafanyika." Anatoa kidogo, tuseme mililita 250 ama 500, halafu anapima tena: presha imepanda? Anapumua vibaya zaidi? Mapafu yanalia? Kwa hivyo ukiona anaenda polepole, usimpigie kelele. Na kwa mtoto, wacha kabisa kumlazimisha mtu aongeze maji.

Mbona wasidunge antibayotiki ndani ya gari?

Swali poa, na watu walishalipima. Tunajua antibayotiki zikichelewa watu wanakufa. Utafiti mmoja wa Kanada na Marekani wa 2006 ulionyesha kwamba kwa mtu aliye kwa mshtuko wa sepsisi, kila saa dawa inachelewa, nafasi ya kuishi inashuka kwa wastani wa asilimia 7.6. Ndio maana miongozo ya sasa inasema mtu wa mshtuko apewe ndani ya saa moja.

Kwa hivyo Waholanzi wakajaribu. Utafiti wao, PHANTASi, ulichapishwa 2018 ukiwa na wagonjwa zaidi ya 2,600. Nusu ya kwanza na zaidi walidungwa ceftriaxone ndani ya ambulensi, wengine wakangoja hosi. Baada ya siku 28, vifo vilikuwa sawa: 8 kwa kila 100 pande zote mbili. Dawa ya ndani ya gari haikuleta tofauti.

Lakini ngoja, kuna kitu hapo wengi wanapita nayo. Kabla ya utafiti kuanza, wahudumu wa ambulensi walifunzwa kutambua sepsisi. Kabla ya hayo mafunzo, mgonjwa akifika hosi alikuwa anangoja dawa karibu dakika 93. Baada ya mafunzo, hata wale ambao hawakudungwa chochote garini, muda ulishuka hadi 70. Hizo dakika 23 zilitoka kwa watu kujua wanachoangalia na kusema mapema.

Uholanzi hosi iko karibu na wagonjwa wengi hawakuwa wamezidiwa kabisa, kwa hivyo mahali safari ni ndefu majibu yanaweza kuwa tofauti. Uingereza, kwa mfano, wahudumu wa ambulensi hubeba penisilini ya kudunga mtu wanayemshuku na ile meninjitisi inayoingia kwa damu, juu hiyo huua kwa masaa. Hapa kwetu, usitegemee ambulensi kukuletea antibayotiki. Tegemea ikutambue, ikushikilie, na ikufikishe mahali dawa iko.

Ukifika hosi

Uliza kwa heshima lakini bila kuogopa: "Inaweza kuwa sepsisi?" Pale ndani wanatoa damu ya kuotesha wadudu kwa maabara, wanapima kitu kinaitwa laktati kama mashine iko, wanaanza antibayotiki ya mshipani, na wanatafuta chanzo. Hiyo ya chanzo watu wanasahau. Kama ni jipu, lazima lipasuliwe. Kama ni mabaki ya mimba, lazima yatolewe. Kidole cha roomie wangu kilifunguliwa na usaha ukatoka. Dawa bila kufungua pale ingekuwa kupiga deki na bomba halijazibwa.

Jua haki yako

Katiba ya 2010, Ibara ya 43, inasema hakuna mtu atanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikaongeza meno: dharura inajumuisha huduma kabla ya kufika hosi, kumtuliza mgonjwa, na kupanga apelekwe kwingine kama hapo hawawezi. Taasisi ikikataa ilhali ina uwezo, faini inaweza kufika shilingi milioni 3. Kwa hivyo "lipa depo kwanza" si jibu kwa mtu anayekufa.

Najua sheria na mtaa ni vitu viwili. Oktoba 2015 jamaa mmoja aliyegongwa na gari alikaa ndani ya ambulensi saa 18 akitafutiwa kitanda cha ICU Nairobi, na akafa. Ndio maana hiyo simu ya kupiga mbele ni muhimu. Kabla gari litoke, uliza: "Mmeongea na hosi? Wako na nafasi?"

Kazini pia uko na haki. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka mwajiri awe na sanduku la huduma ya kwanza. Ukidungwa ama kukatwa, osha na maji yanayotiririka na sabuni, funika na kitu safi, uliza kuhusu sindano ya pepopunda, na hakikisha imeandikwa kwa rekodi siku hiyo hiyo. Ukiumia kazini sheria ya fidia, ile WIBA, inakuhusu, lakini jeraha ambalo halikuandikwa ni ngumu kulithibitisha baadaye.

Ya mwisho

Angalia kidonda kila siku. Wekundu ama uvimbe ukipanda, joto likiongezeka, enda kliniki, si duka la dawa. Antibayotiki ukiandikiwa, maliza dozi, usigawane na mtu wa keja ya pili. Mkojo ukiuma siku mbili, pima. Umezaa juzi na unatetemeka ama unatoka uchafu wenye harufu, hiyo ni ya leo, si ya wikendi mkipewa ofu.

Roomie wangu alirudi ushago Kitui, akafungua kibanda cha kushona. Kidole kimoja hakikunji vizuri hadi leo. Tukiongea huwa anacheka ati mimi nilimletea vidonge tatu kwa karatasi. Mimi huwa nacheka pia, lakini si sana. Kati ya ile jioni ya kutetemeka na saa nane usiku kulikuwa na masaa karibu saba, na ningekuwa najua kuhesabu pumzi tu, ningepiga simu kabla hata sijafika dukani.

Kwa hivyo fanya hivi. Tuma hii kwa grupu ya WhatsApp ya laini yenu. Kisha leo usiku, mwenzako akiwa amelala fofofo, weka saa ya simu dakika moja na uhesabu venye anapumua akiwa mzima. Ukishajua hiyo namba, siku ikibadilika utaijua haraka.